Kantangaze anayetaga bila dume: watoto wake ni nakala ya mama?

Swali: "Shikamoo mama. Nalima nyanya kwenye kitalu nyumba hapa Kayenze, maji navuta ziwani kwa pampu. Msimu huu nilitundika mitego ya kantangaze, wale nondo wadogo ambao viwavi wao hula nyanya, ile yenye kivutio juu ya beseni la maji. Wiki za kwanza nilikuwa nachota madume kwa kijiko. Baadaye wakapungua, mpaka beseni likawa linalala tupu. Nikajua nimewamaliza. Lakini majani bado yanachorwa na matunda yanatobolewa. Muuza pembejeo akaniambia majike ya kantangaze hutaga bila dume, kwa hiyo mitego ni kupoteza hela. Ni kweli? Na kama ni kweli, watoto si watakuwa sawasawa na mama yao wote? Mbona basi kila dawa ninayonunua wanaizoea? Vitu vinavyofanana si vingekufa pamoja?"

Marahaba, mwanangu. Umenifungia maswali matatu kwenye bahasha moja, na hilo la mwisho limenifanya niweke chai kando, maana ndilo ambalo wataalamu wa nondo wamelishughulikia kwa karibu miaka mia.

Nianze na muuza pembejeo, kwa sababu hakukudanganya. Mwaka 2012 watafiti wa Gembloux, huko Ubelgiji, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo hata wewe unaweza kulielewa bila maabara. Walitenga majike ya kantangaze yasikutane na dume hata kwa bahati mbaya. Baadhi yalitaga, baadhi ya mayai yakaanguliwa, na viwavi wakakua hadi kuwa nondo kamili, wa kike na wa kiume. Shika hayo maneno ya mwisho, "na wa kiume". Nitayarudia, kwa sababu jibu la swali lako la pili limejificha humo.

Hata hivyo, kuweza ni jambo moja na kuwa na desturi ni jambo jingine. Kantangaze ni mdudu wa dume na jike. Jike aliyepandwa anaweza kutaga mayai hadi 260 hivi katika maisha yake mafupi. Kutaga bila dume kwake ni akiba ya siku mbaya, kama mtu mwenye pikipiki anayejua pia kutembea kwa miguu. Kwa hiyo kwenye kitalu chako simtuhumu kwanza jike asiye na mume. Namtuhumu dume mmoja aliyelikwepa beseni.

Fikiria hivi. Mtego unanasa madume tu, na dume mmoja hupanda majike kadhaa. Ukiondoa madume nusu, nusu iliyobaki inatosha kabisa kuwapandisha majike wote, na idadi ya mayai haipungui hata kidogo. Hata ukiondoa tisa katika kila kumi, bado unaweza usione tofauti kwenye majani. Tena kivutio chenyewe kinachoka. Kwenye joto la kitalu nyumba, kile kidude cha mpira huishiwa harufu ndani ya wiki chache, na beseni kulala tupu linaweza kuwa na maana kwamba chambo kimekufa huku madume wakiendelea na shughuli zao. Ongeza majike waliokwisha kupandwa huko nje, kwenye mnavu, ndulele na biringanya za jirani, wakaingia mlango ulipofunguliwa. Ongeza na pupa, yaani viwavi waliojifunga wageuke nondo, waliolala kwenye udongo na kwenye makreti ya kuvunia. Kwa nyuzi joto 27 mzunguko mzima, yai hadi nondo, unakamilika kwa siku 24 hivi, kwa hiyo kosa dogo la mwezi uliopita ndilo jeshi la mwezi huu. Badilisha kivutio kwanza, ziba matundu ya neti, halafu ndipo tuzungumze habari za mabikira.

Hayo ni ya shambani. Sasa twende kwenye swali lenyewe.

Chukua kuku wako. Kwa binadamu, baba ndiye mwenye kromosomu (zile nyuzi za ndani ya seli zinazobeba jeni) mbili za jinsia zisizofanana, X na Y, na kwake ndiko jinsia ya mtoto inakotoka. Kwa kuku ni kinyume: tetea ndiye mwenye mbili tofauti, Z na W, na jogoo ana Z mbili. Nondo na vipepeo wamepita njia hiyohiyo ya kuku. Sasa kantangaze jike ametaga bila dume, na katika watoto yumo wa kiume mwenye Z zake mbili. Zimetoka wapi? Mama alikuwa na Z moja tu. Hakuna njia nyingine ila hiyo moja imejirudufu ndani ya yai. Basi mtoto huyo hana W ya mama yake, na Z zake zote mbili ni ileile. Hawezi kuwa nakala ya mama kwa vyovyote. (Wafugaji wa bata mzinga wameliona hili kwa namna yao: yai lisilo na mbegu ya dume likitokea kuangua, kifaranga huwa dume.)

Kwa hiyo "bila dume" na "sawa na mama" si kitu kimoja. Kila kitu kinategemea yai limeijazaje ile nusu ambayo dume angeileta. Yai linapotengenezwa, kromosomu za mama, ambazo ziko mbilimbili, hutenganishwa ili ibaki seti moja. Dume akikosekana, yai halina budi kuirudisha seti ya pili kutoka palepale ndani. Ziko njia kuu mbili. Ya kwanza, zile nusu mbili tofauti zilizotenganishwa zinakutana tena na kuungana. Hapo mtoto anapata kila alichokuwa nacho mama. Ya pili, nusu moja inajirudufu, na kila jeni inakaa na pacha wake wa kufanana. Mtoto wa njia hii amepata nusu tu ya alichokuwa nacho mama, mara mbili. Na kwa kuwa kila yai linaweza kushika mchanganyiko wake wa kromosomu, ndugu wa tumbo moja wanatofautiana, wakati mwingine sana. Wengi hufa, kwa sababu jeni mbovu zilizokuwa zimefichwa na wenzake wazima sasa zimebaki peke yake, bila wa kuzifichia aibu.

Hapa nondo ana siri moja ambayo naipenda sana, na hata wanafunzi wa biolojia mara nyingi hawaijui. Kwa viumbe wengi, kabla kromosomu hazijatenganishwa, zile mbili za jozi hukumbatiana na kubadilishana vipande. Ndiyo sababu mtoto habebi kromosomu ya bibi au ya babu kama ilivyokuwa. Anabeba viraka vya wote wawili. Kwa nondo jike jambo hilo halipo. Kromosomu zinaingia na kutoka bila kupeana hata kipande. Kwa madume kubadilishana kupo, kwa majike hakuna kabisa. Matokeo yake ni kwamba nondo jike akitumia ile njia ya kwanza, nakala inatoka safi kuliko ambavyo ingetoka kwa mdudu mwingine. Binti ni mama, jeni kwa jeni, na tofauti zote alizokuwa nazo mama ndani ya jozi zake zinahifadhiwa bila kuvuja.

Umewahi kuona kwenye miti ya hapa Mwanza mfuko mdogo wa vijiti unaotembea polepole kwenye tawi, watoto wanauchokoza kwa majani? Ndani yuko kiwavi wa ukoo wa nondo waitwao Psychidae. Katika spishi nyingi za ukoo huo jike hana mabawa, anaishi na kufa ndani au juu ya mfuko wake, na dume ndiye anayemfuata akiruka. Sasa wapo ndugu zao wa Ulaya waliomwacha dume kabisa. Mmoja anaitwa Dahlica triquetrella. Mswisi Jakob Seiler alianza kumchunguza miaka ya 1920 na akaendelea naye kwa miongo. Aligundua kwamba chini ya jina hilo moja wamo wadudu wa aina tatu: wenye dume na jike, wasio na dume wenye seti mbili za kromosomu, na wasio na dume wenye seti nne. Tena hawakukaa ovyo. Wale wenye madume walikuwa kwenye sehemu za milima ya Alps ambazo barafu ya zama za barafu haikuzifunika. Kule barafu ilikopita na kuyeyuka walikuta majike watupu, hasa wenye seti nne.

Unaielewa mantiki? Ardhi imefunguka upya, haina mwenyewe. Mdudu asiye na mabawa anafika mmoja mmoja, pengine akiwa kiwavi aliyebebwa na kitu fulani kwa ajali. Akihitaji mwenzake, ukoo umekwisha siku hiyohiyo. Asipomhitaji, ameanzisha kijiji. Nondo wa namna hiyo aitwaye Apterona, ambaye mfuko wake umejipinda kama konokono, alivuka kutoka Ulaya hadi Marekani na kusambaa huko, majike peke yao.

Ungetarajia basi, kama ulivyoniuliza, kwamba majike hao wote wawe kitu kimoja. Watafiti wa Finland walipopima vimeng'enya vya nondo hao, ambavyo hutengenezwa kwa maelekezo ya jeni, katika miaka ya 1970 walikuta kinyume. Jozi zao za jeni zilikuwa zimejaa tofauti, na wa eneo moja hawakufanana na wa eneo jingine. Tofauti zilikuwepo nyingi. Ila zilikuwa zimefungwa ndani ya koo, hazichanganyiki.

Ili usipotee, ngoja nikurudishe kwenye kitu unachokijua: muhogo. Muhogo tunaupanda kwa pando la shina. Kila shina ni mama yuleyule aliyeongezwa urefu. Lakini nenda shamba la mzee yeyote Ukerewe umuulize ana muhogo wa aina ngapi. Atakuonyesha mchungu, mtamu, wa majani mapana, wa kukomaa haraka, na wote wanazaliana kwa pando. Tofauti hizo zilitoka wapi ikiwa pando halibadiliki? Zilitoka kwenye mbegu. Muhogo hutoa maua na mbegu, mara mojamoja mche unaota wenyewe shambani, mkulima anauacha aone, ukimpendeza anaukata pando. Kuanzia siku hiyo umekuwa aina mpya, umegandishwa kama ulivyo.

Nondo mmoja wa Amerika Kaskazini, Alsophila pometaria, anafanya jambo hilohilo. Jike hana mabawa, anapanda mti kwa miguu na kutaga. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, Charles Mitter na Douglas Futuyma na wenzao waliwachunguza katika misitu ya jimbo la New York. Walikuta majike wa aina mbili wakiishi pamoja: wanaozaa kwa kuchanganya jeni na dume, na wanaozaa mabinti watupu walio nakala yao. Cha kuchekesha, hata hawa wa pili wanahitaji kupandwa. Mbegu ya dume inaliamsha yai lianze kukua, kisha jeni zake zinatupwa. Dume amefanya kazi bila mshahara. Walipozihesabu koo hizo za nakala walikuta ni nyingi mno, chache zikiwa kubwa na nyingi zikiwa adimu, na asili yake ilikuwa walewale majirani wanaozaa na madume. Yaani kila mara jike mmoja wa kawaida alibadilika, akagandisha mchanganyiko wake wa jeni, na kuanzisha ukoo. Ukoo uliotawala kwenye mialoni haukuwa ule uliotawala kwenye mimepo (miti ya maple), na mayai yao yaliangua kwa majira tofauti. Hilo si jambo dogo: kiwavi akiangua kabla jani halijachipua anakufa njaa, akichelewa anakuta jani limekomaa na kuwa gumu. Uteuzi wa asili haukukoma kwa sababu madume hawana sauti. Uliacha kuchagua jeni mojamoja, ukaanza kuchagua koo nzima-nzima.

Sasa ndiyo naweza kukujibu kuhusu dawa.

Dawa haimfundishi mdudu kitu, ingawa sote tunasema "wameizoea". Unapopuliza, katika maelfu ya viwavi wapo wachache ambao tayari, kwa bahati, wana badiliko dogo kwenye sehemu ile ambayo dawa hukamata. Kantangaze wa Italia waliokutwa sugu kwa dawa ya klorantraniliproli mwaka 2015 walikuwa na badiliko la kiungo kimoja tu katika protini ambayo dawa hiyo hulenga. Kimoja, katika protini yenye viungo vipatavyo elfu tano. Badiliko kama hilo linaweza kutokea kwa mdudu yeyote, mwenye dume au asiye na dume, kwa sababu ni kosa la kunakili. Kazi ya dawa ni kuwaondoa wenzake wote na kumwachia yeye kitalu.

Na usifikiri kantangaze alikuja na utajiri mkubwa wa jeni kutoka kwao. Ni mdudu wa Amerika ya Kusini. Aliyempa jina la kitaalamu mwaka 1917 alitumia nondo wa kutoka Peru. Alionekana Hispania mwaka 2006, na Tanzania mwaka 2014. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba wavamizi waliofika Mediterania walitokana na uingizaji mmoja tu kutoka katikati ya Chile. Wageni wa mlango mmoja, na bado wameshinda dawa kadhaa. Wingi wao na kasi yao ya vizazi vinatosha kuzalisha makosa ya kunakili yanayohitajika.

Hapa ndipo dume anapokuwa wa hatari kwako kuliko kukosekana kwake. Tuseme upande wa mashariki wa kitalu kuna kantangaze anayehimili dawa moja, na upande wa magharibi kuna anayehimili nyingine. Kama wote wawili ni wa kutaga nakala, kila mmoja anabaki na silaha yake moja, na ukibadilisha dawa unaufuta ukoo mzima kwa pigo moja. Hapo ndipo hoja yako ya "vingekufa pamoja" inasimama sawasawa. Lakini wakipandana, mjukuu anaweza kurithi zote mbili. Uzazi wa dume na jike ndio unaokusanya usugu uliotawanyika na kuuweka ndani ya mwili mmoja. Kwa hiyo mdudu wako anazoea kila dawa kwa sababu, kwa sehemu kubwa, hazai nakala.

Ndiyo maana nakuomba ugeuze chupa usome kiambato amilifu, na namba ya kundi kama imeandikwa. Klorantraniliproli ni kundi la 28, spinosadi la 5, abamektini na emamektini la 6, indoksakabu la 22. Chupa mbili zenye majina tofauti ya biashara na picha tofauti za nyanya zinaweza kuwa kundi moja. Ukizipokezana umebadilisha rangi ya chupa tu. Tumia kundi moja kwa kizazi kimoja cha wadudu, yaani kama siku 25 hadi 30, kisha ondoka uende kundi jingine kabisa.

Na hiyo mitego, usiitupe, ila usiifanye silaha pekee. Kuna sababu ya ziada ambayo muuza pembejeo hakukuambia. Uwezo wa kutaga bila dume wenyewe ni kitu cha kurithi. Kwa nondo wa hariri hili linajulikana vizuri: Mrusi Boris Astaurov alionyesha kwamba mayai yasiyopandwa yakitiwa kwenye joto la nyuzi 46 kwa dakika 18 huamka na kutoa majike walio nakala ya mama, na aina nyingine za nondo hao huitikia vizuri kuliko nyingine. Sasa fikiri: mkulima akifanikiwa kweli kuwamaliza madume msimu hadi msimu, ni majike wepi watakaoacha watoto? Wale tu wenye akiba ile. Mtego unageuka kuwa chujio. Ukiuchanganya na kuchuma majani yaliyochorwa, kung'oa mnavu na kuzika masalia, chujio hilo halipati nafasi, kwa sababu binti wa bila dume anakufa kwa mkono wako sawa na mwenziwe.

Jambo moja la pembeni kabla sijakuachia. Ukiona wadudu wa aina fulani ni majike watupu, usikimbilie kusema wanazaa bila dume. Ng'ambo ya ziwa letu, Kampala, tangu miaka ya 1960 D. F. Owen alikuwa akishangaa kipepeo aitwaye Acraea encedon ambaye baadhi ya majike wake huzaa mabinti tu. Baadaye ilijulikana kwamba ni bakteria, Wolbachia, anayekaa ndani ya mama na kuwaua watoto wa kiume wangali mayai. Katika maeneo mengine majike walizidi tisa katika kumi, na badala ya madume kuwatafuta wakawa wao ndio wanaokusanyika kuwasubiri madume wachache waliobaki. Wale hawajaacha uzazi wa kawaida. Wameibiwa waume.

Kwako unaweza kupima mwenyewe. Chuma majani yenye viwavi wakubwa, uwaweke kwenye ndoo yenye karatasi ya tishu chini. Wakishakuwa pupa, mtenge kila mmoja kwenye chupa yake ndogo ya maji ya kunywa, ufunge mdomo kwa kipande cha soksi ya kike. Lazima watengwe wakiwa bado pupa, maana wakitoka wawili kwenye chupa moja usiku umekwisha kupoteza jaribio. Nondo wakitoka, wape jani bichi la nyanya ambalo umelikagua kwa lenzi halina yai. Tia na tone la maji ya sukari kwenye pamba. Atakayetaga ni jike, na unajua hajaonana na mtu. Mayai mazima huangua ndani ya siku nne au tano, mabovu yananywea. Anza na chupa 40 ikiwezekana, kwa sababu nusu watakuwa madume na wengi wa majike hawatataga kitu cha maana. Andika tarehe kwenye kila chupa kwa kalamu ya wino mzito. Ukipata hata kiwavi mmoja anayechimba jani, mlee mpaka awe nondo uone ni wa kike au wa kiume, halafu mtumbukize kwenye maji ya sabuni kabla hajatoka nje ya kibanda, kisha uniandikie.